Mbuzi wa mwalimu na kodi ya serikali

 Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo, Maniema, huku Kongo. Mshahara wa mwalimu unaujua, kwa hiyo nilinunua mbuzi nikamkabidhi mdogo wangu anayekaa upande wa Kabambare, awachunge kwa mpango wa kugawana. Mwaka jana nilianza na mbuzi 14. Walizaliwa 11. Saba wakafa ndani ya majuma machache, wakiharisha na kutokwa na makamasi. Niliuza wanne. Wawili walikwenda kwenye matanga ya mjomba, mmoja nilimchinja Idi, na watatu ni fungu la mdogo wangu. Nimebaki na wanane, pamoja na beberu mkubwa niliyemnunua kwa bei kali ili aboreshe mbegu. Majirani humwomba kwa ajili ya majike yao, na wengine hulipa.

Juzi mtu alifika kwa mdogo wangu akasema yeye ni wa kodi, na kwamba kila mfugaji lazima awe na patenti. Alichukua pesa akaacha karatasi. Nakutumia picha yake. Tena kila mbuzi anapoletwa soko la Kasongo, bariera, vile vizuizi vya watoza, zinamla njiani. Mdogo wangu ananiambia, "Kaka, mbuzi ni wako, lakini bariera ni zangu." Amechoka.

Binamu yangu yuko Marekani, anafanya kazi kwenye zizi la farasi wa mashindano, wale wanaofundishwa kupiga hatua kwa madaha mbele ya waamuzi. Anasema mwenye farasi ni daktari, farasi wanamtia hasara kila mwaka, na hasara hiyo humpunguzia kodi ya mapato yake ya udaktari. Mimi nakatwa kodi kwenye mshahara. Je, hawa saba waliokufa hawawezi kunipunguzia? Mke wangu anasema niuze wote tununue mabati. Sipati usingizi.

Mwalimu, Kasongo

Mwalimu, pole sana kwa mbuzi saba. Kwa mtu wa mshahara wako, hiyo ni akiba ya miaka iliyozikwa ndani ya mwezi mmoja, na nimesoma barua yako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Nitangulize majibu mafupi ili upate usingizi leo. Hasara ya mbuzi haitapunguza kodi inayokatwa kwenye mshahara wako. Kufuga peke yake hakukugeuzi kuwa mfanyabiashara. Ukiuza, unaweza kudaiwa kitu cha halali, lakini kwa jina lake, kwa kiwango chake na kwa karatasi yake. Wanane waliobaki usiwauze sasa. Na mdogo wako ana haki kukulalamikia, tutafika huko.

Tuanze na binamu yako, maana hakukudanganya. Sheria ya kodi ya Marekani ina swali moja kwa mtu mwenye kazi yake ambaye pembeni anafuga au anafundisha farasi: je, anafanya hivyo kutafuta faida, au ni starehe yake tu? Ikiwa ni starehe, hasara ni yake mwenyewe. Ikiwa ni kazi ya kutafuta faida, hasara inaweza kuhesabiwa dhidi ya mapato yake mengine. Kwa shughuli nyingi, mtu akipata faida miaka mitatu kati ya mitano, sheria inachukulia kwamba anatafuta faida kweli, mpaka watu wa kodi wathibitishe vinginevyo. Kwa farasi wamelegeza: miaka miwili kati ya saba. Asipofikisha hapo, wanamchunguza. Ana vitabu vya hesabu? Ameuliza wataalamu? Anatumia muda wake kweli? Alipoona hasara, alibadilisha njia au aliendelea vilevile?

Jambo hili lilijulikana dunia nzima mwaka 2012, wakati Mitt Romney alipogombea urais wa Marekani. Mke wake, Ann, alikuwa mmoja wa wenye farasi aliyeitwa Rafalca, aliyeshindana katika Olimpiki ya London mwaka huo huo. Hesabu zao za kodi za 2010, walizoziweka hadharani, zilionyesha hasara ya dola 77,000 na ushei kwa sababu ya farasi huyo. Watu wengi walisikia hapo wakaamini kwamba tajiri hulipiwa farasi na serikali. Ukweli ni kwamba kwa mwaka ule sehemu ndogo mno ya hasara hiyo ndiyo iliyopunguzwa kwenye mapato yao ya kutozwa kodi, kwa kuwa sheria za huko zinambana mtu anayetia pesa bila kushiriki kazi mwenyewe. Kwa hiyo hata kwa Wamarekani mlango huo ni mwembamba, na haupitiki bila daftari.

Kwetu mlango huo haupo kabisa kwa mtu wa hali yako. Kodi ya mapato ya Kongo ilijengwa juu ya ordonnance-loi (amri yenye nguvu ya sheria) ya tarehe 10 Februari 1969, na msingi wake ulikuwa kutenganisha mapato kwa aina. Mshahara ulikuwa na kodi yake, ile IPR, na mwajiri aliikata kabla pesa hazijafika mkononi mwa mfanyakazi. Faida ya biashara ilikuwa na kodi yake nyingine. Mapato ya kupangisha nyumba nayo yalikuwa na yake. Chini ya sheria hiyo, hasara ya aina moja haikuvuka kwenda kuponya nyingine. Mbuzi saba wakifa Kabambare, kodi ya mshahara wako wa Kasongo haina habari nao.

Kuna jambo la pili ambalo wafugaji wadogo wengi hawalijui. Mwaka 2013 serikali iliweka utaratibu maalumu wa kodi kwa shughuli ndogo. Anayeuza kwa mwaka mzima kiasi kisichozidi faranga milioni 10 aliwekwa kwenye kundi la chini kabisa, na kodi yake ikapangwa kuwa ya jumla: faranga 50,000 kwa mwaka kwa mujibu wa sheria ile. Juu ya hapo, mpaka chini ya milioni 80, ilipangwa kuwa asilimia 1 ya mauzo kwa anayeuza bidhaa na asilimia 2 kwa anayetoa huduma. Viwango vya namna hii hubadilishwa, hivyo kabla ya kulipa nenda ofisi ya kodi ya serikali, DGI, ukaombe kuonyeshwa kiwango cha mwaka huu kwa maandishi. Lakini tazama jinsi kodi hiyo ilivyo. Ni ya jumla, au ni ya mauzo. Haiulizi umepata faida kiasi gani wala wamekufa wangapi. Wepesi wake ni kwamba hulazimiki kuwa na mhasibu. Ugumu wake ni kwamba hasara yako haina mahali pa kuandikwa. Na ile TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, iliyoanza Januari 2012, mtu wa mbuzi wanne asiiogope, maana si ya wauzaji wa ukubwa wako.

Basi, wewe ni mfanyabiashara au siyo? Tangu Septemba 2012 nchi yetu imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara. Sheria hiyo nayo, kama ile ya Wamarekani, inatazama nia ya kupata faida ya fedha, na inatazama kama shughuli ni kazi ya mtu au ni jambo la mara moja moja. Mtu anayezunguka masoko kila juma akinunua mbuzi kwa wanakijiji na kuwauza kwa wachinjaji ni mfanyabiashara, hata kama hana hata kibanda. Mtu mwenye zizi la ukoo, anayechinja Idi, anayetoa kwa matanga na mahari, na kuuza mmoja ada ya shule inapokaba, huyo mimi simwiti mfanyabiashara, na sidhani afisa mwenye akili timamu atamwita hivyo.

Wewe uko katikati. Wanne uliowauza hawakukugeuza mchuuzi. Ila yule beberu anasema mengine. Umemnunua kwa bei kali ili aboreshe mbegu, majirani wanaleta majike, na wengine wanalipa. Hapo pana nia ya faida, na ni nia njema, usiifiche. Kwa watu wa namna yako OHADA iliweka, katika sheria iliyorekebishwa mwaka 2010, daraja linaloitwa entreprenant: mtu mmoja mmoja anayefanya shughuli ndogo ya biashara, ya ufundi au ya kilimo na ufugaji, kwa kutoa tamko tu kwenye greffe, ofisi ya karani wa tribunali, bila kuandikishwa kama kampuni. Sharti lake kubwa ni daftari linaloonyesha, siku kwa siku, kilichoingia kimetoka wapi na kilichotoka kimekwenda wapi. Zizi likirudi kukua na ukianza kuuza kila mwaka kwa mpango, nenda katoe tamko hilo. Mwaka huu, ukiwa na mbuzi wanane na msiba wa mifugo nyuma yako, sioni haraka.

Patenti je? Ipo, ni ya halali, na ni ya miaka mingi: ordonnance-loi ya tarehe 2 Agosti 1979 juu ya biashara ndogo ndiyo iliyoiweka katika sura tunayoijua. Ni ya mtu anayefanya biashara ndogo, na hutolewa kwa mwaka. Anayefuga tu hana anachokifanyia patenti. Kwa hiyo yule aliyemwambia mdogo wako kwamba kila mfugaji lazima awe nayo alisema zaidi ya sheria.

Sasa niitazame picha uliyonitumia. Ni nusu ya ukurasa wa daftari la shule, yenye mistari, imechanwa kwa mkono. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "patente élevage", kisha "mbuzi 8", kisha kiasi, kisha sahihi isiyosomeka. Hakuna jina la huduma ya serikali. Hakuna namba. Hakuna jina la mdogo wako wala lako. Mwaka haupo. Muhuri haupo. Hata neno "mbuzi 8" linaonyesha kwamba aliyeandika hakuwa na kiwango chochote mkononi, maana patenti haihesabiwi kwa vichwa vya mbuzi. Mwalimu, wewe unasahihisha madaftari kila jioni. Mwanafunzi akikuletea karatasi isiyo na jina, tarehe wala somo, unampa alama? Mdogo wako hakulipa kodi siku ile. Alimpa mtu pesa.

Karatasi ya kweli ina jina la huduma inayotoza, namba ya mfululizo iliyochapwa, jina la mlipaji, jina kamili la kodi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, sahihi, jina la aliyetia sahihi, na muhuri. Kwa kodi nyingi ambazo si za DGI, kwanza hutolewa hati ya kutoza, ile note de perception, kisha unalipa mahali palipotajwa, ndipo unapewa uthibitisho wa kulipa. Ushuru mdogo wa soko hulipwa papo hapo mkononi, na hata huo una tiketi yake. Chukua ile nusu karatasi, au mdogo wako aichukue, ipelekwe ofisi ya teritware ya Kabambare, na aulize kwa upole: "Hii ni yenu?" Asimtaje mtu kwa ubaya. Aulize tu, na aandike jibu alilopewa na jina la aliyejibu.

Mnayo haki ya kuuliza. Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayowekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 65 nacho kinatulazimisha raia wote kulipa kodi zetu, na mimi nakiheshimu, kwa sababu shule yako haitapata madawati kwa njia nyingine. Tangu tarehe 13 Machi 2018 kuna orodha ya kitaifa ya kodi, haki na taksi ambazo jimbo, mji, komuni, sekta na chefferie zinaweza kutoza. Isiyo ndani ya orodha hiyo, mamlaka hizo haziwezi kuitoza. Mtu akikutajia kodi, mwombe jina lake kama lilivyo kwenye orodha na kiwango kilichowekwa na jimbo. Mtoza halali hakasiriki akiulizwa hivyo, maana ana jibu.

Wazee wetu wa Maniema hawakupata nafasi ya kuuliza. Walitozwa pembe na mpira wakati wa mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha kodi ya kichwa kuanzia 1910, kisha pamba ya lazima kuanzia 1917, iliyoanzia kwetu huku kabla ya kuenea kwingine. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa kijijini akisikia neno kodi hutoa pesa haraka ili mgeni aondoke. Nawaelewa. Lakini wewe umesoma, na mdogo wako anakutegemea.

Nije kwa bariera, maana huko ndiko pesa zenu zilikokwenda. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya njiani 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini tu, na ripoti yao waliipa jina la maneno mazito: kila kinachosogea kitatozwa. Anayepitisha mbuzi kutoka Kabambare kuelekea Fizi, Kivu ya Kusini, anaingia moja kwa moja katika hali hiyo, na barabara ya kuja Kasongo, zaidi ya kilomita mia moja, haina tofauti kubwa kwa mtu anayesukuma baiskeli yenye mbuzi wawili waliofungwa nyuma. Wanaosimama njiani si wa aina moja. Mtu wa kilimo na mifugo ana haki ya kuuliza hati ya afya ya mnyama, na kuna ada yake. Sekta inaweza kuwa na taksi yake iliyoandikwa. Askari na polisi hawana mamlaka yoyote ya kutoza kodi, wala ya mbuzi wala ya kuku. Hata hivyo mwambie mdogo wako asibishane na mwenye bunduki porini. Alipe, apite, na akifika aandike: mahali, siku, kiasi, na mavazi ya aliyetoza. Uhai wake hauna fidia.

Kinachoweza kubadilika mara moja ni namna mnavyouza. Mmekuwa mkileta mbuzi mmoja mmoja, na kila mmoja analipa njia nzima. Wakipangwa kuja kwa pamoja mara moja au mbili kwa mwaka, na hati moja ya afya iliyotolewa na daktari wa mifugo kwa kundi lote, gharama ya kila mmoja itashuka. Wakati wa kuwaleta Kasongo ni kabla ya Idi ya kuchinja, soko la mji wetu likiwa na wanunuzi wanaotafuta mnyama mwenye afya na pembe nzima. Wakati mwingine wa mwaka uzieni zizini huko huko. Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, watu wanakula nyama kila siku na wachuuzi wanazunguka vijijini kutafuta. Bei ya zizini ni ndogo kuliko ya Kasongo, lakini bariera inakuwa ya mnunuzi. Toa bei ya Kasongo, ondoa yote yaliyolipwa njiani, ondoa siku za mdogo wako, kisha ulinganishe. Wengi wakifanya hesabu hiyo kwa uaminifu wanaacha kutembeza mbuzi mmoja.

Na hapa niseme juu ya mdogo wako. Amekuambia mbuzi ni wako na bariera ni zake, na amesema kweli. Wanne waliouzwa walikuwa fungu lako, pesa zikaja kwako, lakini aliyetoa faranga njiani ni yeye. Hiyo si haki, Mwalimu. Andikeni mapatano, ukurasa mmoja unatosha, mbele ya mzee mnayemheshimu wote wawili. Gharama za njia, za hati na za soko zitolewe kwenye bei kabla ya mtu yeyote kushika chake. Fungu la mchungaji lihesabiwe kwa watoto waliofikia kuachishwa, ili kifo cha kitoto kisiwagombanishe. Pesa za beberu zigawanywe, kwa kuwa yeye ndiye anayemlisha na kumshika. Na kile kiasi alichomlipa mwenye nusu karatasi, mrudishie wewe. Mpigie simu kabla ya Ijumaa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na barua yako ingekuwa fupi kama ungekuwa na daftari. Tazama hesabu yako mwenyewe. Ulikuwa na 14, wakazaliwa 11, jumla 25. Waliotoka ni 17: saba kwa ugonjwa, wanne kwa soko, watatu kwa mchungaji, wawili kwa matanga, mmoja kwa Idi. Ukipanga hivyo unaona jambo ambalo halikuonekana ulipokuwa ukilia juu ya kodi. Kodi, hata ile ya uongo, haikuondoa mbuzi hata mmoja zizini. Ugonjwa uliondoa saba, zaidi ya mara moja na nusu ya wale uliouza. Hata wasingekuwapo watoza njiani, bado ungebaki na wanane.

Kuharisha pamoja na makamasi, wengi kufa ndani ya majuma machache: hizo ni dalili zinazonifanya nishuku sotoka ya mbuzi na kondoo. Nchi yetu inaijua. Mwaka 2012 iliua mbuzi wengi katika majimbo kadhaa. Daktari wa mifugo ndiye wa kuthibitisha, si mimi. Ila ugonjwa huo una chanjo, na dozi moja humkinga mnyama kwa miaka.  Mbuzi wetu wafupi wanavumilia mengi wakiwa nyumbani. Sotoka hawaivumilii. Basi faranga ulizokuwa unataka serikali ikurudishie kwa ajili ya waliokufa, zitafute katika chanjo ya walio hai. Nenda ofisi ya kilimo na mifugo ukaulize lini timu ya chanjo inapita, na majirani wa mdogo wako wakijiandikisha pamoja, ni rahisi zaidi timu kufika. Mbuzi yeyote mpya anayenunuliwa sokoni atengwe siku 21 kabla ya kuchanganywa na wengine. Na beberu huyo asipelekwe tena kwa majike ya watu mpaka achanjwe, kwa sababu anatembea kutoka zizi hadi zizi na anaweza kubeba ugonjwa akaurudisha.

Daftari lenyewe liwe hivi. Upande mmoja andika wanaoingia: amezaliwa, amenunuliwa, ameletwa kama malipo ya beberu. Upande wa pili wanaotoka: ameuzwa, amekufa, amechinjwa, ametolewa. Kwa wale wanaotolewa kwa ukoo, matanga na mahari, andika neno "ukoo" mbele yao, na bei ambayo angeuzwa siku hiyo. Usione aibu kuandika, mjomba alistahili mbuzi wake wawili. Uandike kwa sababu siku afisa wa kweli atakapokuja kuuliza umeuza wangapi, utamwonyesha waliouzwa ni wanne, na hawa wengine hawakuuzwa. Bila ukurasa huo, ataona 17 waliotoka na kuwahesabu wote kuwa biashara. Kila risiti na kila hati ibandikwe kwenye ukurasa wa siku yake. Bariera nazo ziwe na ukurasa wake.

Mama wa nyumbani anataka mabati, na simlaumu. Amekuona ukituma pesa Kabambare na amesikia habari za vifo zikirudi. Lakini kuuza wanane leo ni kuuza kwa bei ya mtu mwenye shida, maana wanunuzi wanajua zizi limepata ugonjwa. Majike waliopona ndio mtaji, na beberu ndiye mtaji wenye kuleta pesa hata bila kuuzwa. Mpe mke wako daftari alishike. Kila mwisho wa mwezi mdogo wako apige simu, ataje hesabu, mke wako aandike. Kubaliana naye sasa, kabla ya Idi ijayo, kwamba watakaouzwa kwa Idi hiyo, wawili au watatu, pesa zao ni za mabati na haziguswi kwa lingine. Naamini atakubali akiona hesabu iko mbele yake.

Limebaki la bariera, ambalo wewe peke yako huliwezi. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka pétition, yaani barua ya maombi, kwa mamlaka, peke yake au na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kasongo na Kabambare kuna walimu, wauguzi, mashekhe na makatekista wengi wenye mbuzi kwa ndugu zao vijijini kama wewe. Kusanyeni kurasa zenu za bariera kwa miezi mitatu, zenye siku, mahali na kiasi. Andikeni barua moja kwa administrata wa teritware, yenye maombi mawili tu: viwango halali vya kodi za mifugo vibandikwe sokoni na ofisi za sekta, na itangazwe ni huduma zipi zenye ruhusa ya kusimama barabarani. Nakala moja ipelekwe kwa gavana Kindu na nyingine kwa wabunge wa jimbo mliowachagua. Wote mtie sahihi, na msikubali kuondoka ofisini kabla nakala yenu haijagongwa muhuri wa kupokelewa.